Madoa ya kahawia kwenye meno: usilaumu mswaki

Pole, dada. Umesema mnaishi Njoro, kifungua mimba wako wa miaka tisa ana madoa ya kahawia kwenye meno, unamhofia mdogo wake wa miaka mitatu, na maji ya kisima kirefu unayachemsha kila siku.

Daktari wa meno athibitishe, lakini hiyo inafanana sana na athari ya floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi kwenye maji. Huku Bonde la Ufa inatoka kwenye miamba ya volkano na kuingia maji ya ardhini. Kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi! Mwambie mwenye kisima akuonyeshe matokeo ya maabara. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Madoa ya mkubwa hayafutiki kwa kusugua, ila daktari anaweza kuyafunika. Haraka iko kwa mdogo: meno yake ya kudumu bado yanaundwa ndani ya ufizi, hadi miaka minane hivi. Paa lako la mabati likiwa na mifereji na tangi safi, maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia. Ya kisima fulia. Mvua ikikatika, kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, vinavyotumika hapa Nakuru, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe.

Na magadi ya kulainishia mboga, punguza. Nayo yana floraidi, ingawa najua kunde bila magadi ni vita nyumbani.