Mpe mzee kalamu achore saa

Mama au babu yako akianza kuuliza jambo lile lile asubuhi nzima, au akapotea njia ya msikiti anaokwenda kila siku, usiseme "uzee tu huo" ukanyamaza. Kipo kipimo cha kumbukumbu na akili, kisicho na sindano wala mashine. Mzee anachora duara, anatia namba zote za saa, kisha anaweka mishale ioneshe saa tano na dakika kumi.

Mimi nilikijua nilipompeleka mama kwa daktari. Mama alisomesha skuli hapa Pemba mpaka akastaafu. Namba alizikumbuka zote, lakini alizirundika upande mmoja wa duara na upande wa pili akauacha mtupu. Mshale mrefu akauweka kwenye 10, maana alisikia "kumi". Ulitakiwa uende kwenye 2. Kuchora saa kunadai kumbukumbu, mpango, jicho la nafasi na kushika maelekezo, vyote kwa pamoja, ndiyo maana kasoro hujitokeza hata kwa mtu anayezungumza vizuri tu.

Kipimo kiitwacho Mini-Cog huongeza maneno matatu: mzee anayasikia, anachora saa, kisha anaulizwa ayataje. Alama ni 5, na akipata chini ya 3 anahitaji uchunguzi zaidi. Uchunguzi, si hukumu. Mama alipimwa damu kwanza, kwa sababu tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12 huweza kuvuruga akili, na hayo yana dawa. Huzuni nzito, masikio mazito na baadhi ya dawa za usingizi nazo humfanya mzee aonekane amesahau.

Kwetu sisi iko tahadhari nyingine. Mshale mfupi ukiwa kwenye 11 ndiyo saa tano yetu. Mzee akiuweka kwenye 5 huenda amefuata hesabu ya Kiswahili tu, kwa hiyo mwulize kwa upole kabla hujaingiwa na hofu. Aliyesoma chuo cha Kurani mwache atie namba za Kiarabu. Na ambaye hakuwahi kushika kalamu, kipimo hiki kitamdhulumu. Kwa huyo tazama kazi zake: bibi aliyekuwa akianika karafuu na kujua kwa mkono kama zimekauka, je, bado anajua? Chenji anaihesabu? Wajukuu anawataja? Mpime kwa alivyokuwa mwaka jana, usimpime kwa jirani.

Chagua asubuhi, ameshakunywa chai, miwani yake machoni. Usimfanyie mbele ya watoto. Mama alitazama karatasi yake, akaniuliza, "Nimekosea, mwanangu?" Nilimshika mkono. Mzee anajua kwamba kitu kinamponyoka, na kicheko cha chumbani kinamuumiza kuliko maradhi yenyewe.

Ila akibadilika ghafla, jana mzima na leo hajui yuko wapi, achana na kalamu. Huenda ni maambukizi, sukari au kiharusi: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Karatasi usiitupe. Andika tarehe nyuma yake, na mambo mawili matatu uliyoyaona nyumbani, umkabidhi daktari. Wala usimfundishe mzee kuichora vizuri kabla ya kwenda. Daktari anahitaji kuiona saa jinsi ilivyotoka mkononi mwake.