Kabla hujaongeza mfuko wa simenti barabarani

Nje kidogo ya Lubumbashi, kwenye barabara ya udongo mwekundu, tulikuwa tunachanganya udongo na simenti ili uwe mgumu. Labo, yaani maabara ya kupima udongo, ilituambia simenti asilimia 4 ya uzito wa udongo. Shefu wetu, kwa kuogopa malori ya shaba, akataka 7.

"Papa shefu, labo imesema nne."

"Labo haibebi malori, mtoto."

Tukacheka, tukamwaga. Hata mvua haijaja, nyufa zikakata barabara kutoka ukingo hadi ukingo, kila baada ya hatua chache. Kufika Januari maji yalishapenya, na kila lori likipita tope jekundu linaruka juu.

Tangu hapo vijana wa shantie (kazi ya ujenzi) nawaambia: nguvu ina kiwango cha chini na cha juu pia. Mwongozo wa CEBTP, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa ujenzi, wa 1984, ulioandikwa kwa Kifaransa kwa ajili ya nchi za joto, unataka sampuli ya tabaka la msingi lenye simenti, ikikandamizwa labo, ihimili bar 18 hadi 30 baada ya siku 7 (bar moja ni kama kilo moja kwa kila sentimeta mraba). Simenti ikizidi, tabaka linakakamaa, linasinyaa, linapasuka. Sampuli nyingine hukaa siku 3 hewani na siku 4 majini, nayo ibaki na zaidi ya bar 5. Hiyo ndiyo naiangalia kwanza, maana huku Novemba hadi Machi barabara inakunywa maji kweli kweli.

Halafu piga hesabu ya mifuko mwenyewe. Tabaka la sentimeta 15, udongo wa kilo 2,000 kwa meta ya ujazo: kila meta mraba ina kilo 300, na asilimia 4 yake ni kilo 12. Mfuko wa kilo 50 unatosha meta mraba 4 na kidogo. Vuta kamba, chora vyumba vya ukubwa huo, laza mfuko katikati ya kila chumba kabla ya kupasua hata mmoja. Uliopotea usiku utajulikana hapo hapo (na hupotea, tusidanganyane).

Kubwa zaidi ni saa. Maji yakishagusa simenti, ndani ya saa 2 uwe umemaliza kushindilia. Siku moja greda ilizimika saa tano asubuhi, tukaja kushindilia saa nane mchana. Wiki iliyofuata nilikwangua pale kwa kisigino, pakatoka kama unga wa muhogo. Sampuli za siku ile zilikuwa zimeshindiliwa mapema, greda ikiwa bado nzima. Kule labo sampuli hizo zilipita zote.