Haiku au OpenBSD? Anza na kadi ya Wi-Fi

Ukishaizoea Ubuntu na sasa unataka mfumo endeshi mwingine, kama Haiku au OpenBSD, ambao hata mafundi wa kupiga Windows pale sokoni Mtwara hawaugusi, usichague kwa uzuri wa picha. Chagua kwa kadi ya Wi-Fi iliyomo kwenye laptopu yako ya mtumba. Ukiwa bado kwenye Windows, fungua Device Manager, Network adapters, Properties, Details, kisha Hardware Ids. Soma kilichofuata VEN_; ni namba ya mtengenezaji wa kadi. 168C ni Atheros; nyingi za zamani hazikusumbui. 8086 ni Intel: itafanya kazi, ila itadai fimwea, yaani programu ndogo inayoendesha kadi yenyewe. 14E4 ni Broadcom, na hiyo ndiyo kisirani. Tafuta waya wa mtandao mapema.

Anayetaka kuonja tu aanze na Haiku, mrithi wa BeOS, mfumo endeshi wa zamani. Inawaka kwenye flashi bila kugusa diski, ina toleo la biti 32, na GB 1 ya RAM inaitosha kuanzia. Bado ni beta, yaani toleo la majaribio, kwa hiyo ripoti ya chuo usiiweke humo peke yake.

OpenBSD ni ya anayetaka kujifunza kwa kina. Pakua faili la install lenye mwisho wa .img, si miniroot, lile dogo: seti zote (mafungu ya faili za mfumo) zimo, bando lako linapona. Lihakiki kwa sha256 (msimbo unaoonyesha kama faili limeharibika) kabla ya kuliandika kwenye flashi. Kisakinishi kikiuliza "Location of sets?", jibu disk. Kitalalamika kwamba SHA256.sig haipo, andika yes, maana jibu lililotangulizwa ni no, na wengi hukwama hapo wakibonyeza Enter tu.

Kisha linakuja fumbo: Wi-Fi inataka fimwea, fimwea inataka intaneti, na kwa sababu za leseni haimo kwenye flashi. Chomeka simu ya Android, washa USB tethering (simu igawe intaneti kupitia waya), halafu ukiwa root, yaani mtumiaji mkuu, andika amri hizi; ya kwanza inaunganisha intaneti ya simu, ya pili inashusha fimwea:

ifconfig urndis0 inet autoconf
fw_update

urndis0, jina la simu yako ndani ya OpenBSD, isipoonekana, shuku waya kwanza. Nyingi za bei ya chini zinachaji tu, hazipitishi data.

Na kama betri imekufa, umeme ukikatika OpenBSD itakagua diski inapowaka tena. Ikisimama katikati na kukuachia alama ya #, andika fsck -y, kisha reboot.