Hali ya Uidhinishaji Isikae Kwenye Fomu

Swali: Fomu yetu ya kujiandikisha ina sehemu iliyofichwa yenye thamani "bado", ili mwanachama asubiri kuidhinishwa na msimamizi. Je, kuificha kunatosha?

Jibu: Hakutoshi hata kidogo, kwa kuwa kilichofichwa machoni bado kimo ndani ya kivinjari, na mtumiaji anaweza kukibadili kuwa "ameidhinishwa" kabla ya kutuma. Iondoe sehemu hiyo kabisa. Seva yenyewe, yaani kompyuta inayopokea fomu, ndiyo iandike "bado" akaunti inapoundwa, ipokee sehemu ulizoziruhusu tu na kupuuza nyingine zote, zikiwemo zile ambazo mtumaji amejiongezea. Mwaka 2012 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilivamiwa kupitia pengo la namna hiyo, yaani seva kupokea sehemu ambayo mtumaji amejiongezea. Uidhinishaji ufanywe kwa ombi jingine, ambalo seva italikubali baada tu ya kuthibitisha kwamba aliyelituma ni msimamizi.