Mtoto akikwama, usimkimbilie na tableti

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na nusu, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Akitoka shule kazi yake ni mikebe, vifuniko vya soda na udongo. Kitu kikimshinda anakitupa na kulia. Kuna kijana anayepita nyumba kwa nyumba akiuza tableti yenye programu za "kukuza akili" pamoja na kadi za mafumbo, shilingi 14,500, unalipa kidogo kidogo. Anasema bila hiyo mtoto hatajua kutatua matatizo kama mtaala unavyotaka. Ninunue?
Mama wa Migosi, Kisumu

JIBU: Usinunue, mama. Na hiyo mikebe usiitupe.

Swali hili linanifikia karibu kila wiki. Kinachobadilika ni bei tu. Ni kweli kwamba kufikiri kwa kina na kutatua matatizo ni mojawapo ya umilisi saba, yaani uwezo wa msingi, katika mtaala wetu wa Kenya. Kwamba umilisi huo unauzwa ndani ya boksi ni uongo. Lakini kinachoniudhi kuliko muuzaji ni ile imani anayoitegemea: kwamba mtoto aliyekwama amepungukiwa na kitu, na mzazi mwema ni yule anayemkwamua upesi. Kukwama ndiko kunakomfanya mtoto aanze kufikiri.

Juzi nilikuwa uani kwa watu huko Nyalenda. Mvulana wa miaka mitano alikuwa na gari la kigaloni, magurudumu ni vifuniko vinne, matundu katobolewa na kaka yake. Gari likawa linachechemea na kuvutia upande mmoja. Alilitikisa, akalivuta kwa nguvu, machozi yakamlengalenga. Nyanya yake akainuka kwenda kumsaidia. Nikamwomba, "Nyanya, tumwangalie kwanza." Mtoto akalipindua gari, akawa anazungusha gurudumu mojamoja kwa kidole. La tatu likayumba: tundu halikuwa katikati. Alilichomoa, akalitazama, kisha akaenda kumwambia kaka yake amtobolee jingine, "hapa, si hapa." Yote hayo yalichukua kama dakika kumi. Nyanya angefika kwanza, gari lingetembea vizuri na mtoto asingejua kwa nini.

Sasa linganisha na tableti. Mtoto akigusa kisanduku kisicho sahihi, inalia; anagusa cha pili, cha tatu, mpaka nyota itokee. Hakuna anayemwuliza kwa nini. Tafiti za michezo ya "kunoa ubongo" zimeonyesha mara nyingi kwamba anayeifanyia mazoezi huwa hodari wa mchezo uleule, ila uhodari huo hauhamii kwenye mambo mengine kama muuzaji anavyoahidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora. Tena mtoto huyo anahitaji kila siku angalau dakika 180 za kukimbia, kuruka na kuchezacheza. Muuzaji hatakwambia hilo.

Kuhusu kutupa vitu: katika umri huo mtoto bado anajifunza kuzuia hasira zake, kwa hiyo usimwite mtukutu. Kaa karibu naye, nyamaza, hesabu polepole hadi thelathini. Halafu mwambie unachokiona, basi: "Naona mnara unaanguka kila ukiweka mkebe mkubwa juu." Usimwambie aanze na upi. Akiendelea kukwama, mwulize angependa ule mkubwa ukae wapi. Akiacha na kwenda zake, usimrudishe kwa nguvu, na mikebe iache palepale. Watoto wengi hurudi wenyewe kesho yake.

Mwache pia acheze michezo ya kalongo na kati pamoja na wenzake. Mabishano yao ya nani ametoka na nani hajatoka ni shule kubwa, na ukikimbilia kuwaamulia kila mara, umewanyang'anya somo.

Kwa wazazi wengine wanaosoma hapa: huyu wa tableti ana wenzake. Yuko anayeuza sharubati ya "kufungua akili," na yuko anayedai atasoma alama za vidole vya mtoto na kukwambia kama atakuwa injinia. Alama za vidole hazijui lolote kuhusu akili ya mtoto wako. Pesa inayopotea inauma, lakini muda unaopotea unaniuma zaidi, kwa sababu wapo watoto ambao kweli wanahitaji kuangaliwa: yule ambaye kufikia miaka minne haungi maneno, haelewi agizo dogo, hachezi na mtu, au aliyekuwa anajua jambo akalisahau. Huyo mpeleke kliniki, au kwenye kituo cha serikali cha tathmini ya watoto, wenyewe wanakiita EARC. Kaunti yetu inacho.

Aliwahi kuletwa kwangu msichana wa miaka sita ambaye nyumbani walimwita mzito wa kichwa. Mwaka mzima alikuwa amenyweshwa sharubati, chupa baada ya chupa. Nilimwita jina nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Nikapiga makofi, hakugeuka. Kliniki walikuta masikio yote mawili yamejaa usaha.