Muulize Fundi: Robo saa kila alfajiri, gari inanguruma tu

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mimi niko Malindi mtaa wa Shella, nina Probox, na kila siku nikitoka swala ya alfajiri nawasha gari naiwacha inguruma robo saa hivi, alafu ndo napeleka watoto madrasa na kupitia sokoni. Marehemu babangu alikuwa na Peugeot 504 na hio ndo ilikuwa amri yake, ukiondoka na injini baridi unakula kofi. Sasa jirani analalamika moshi unamwingilia chumbani, mke wangu naye asema petroli yaisha na gari haijatoka mlangoni. Tena siku hizi nikivuta kile kijiti cha oili nasikia harufu ya petroli. Nani ana haki hapa?

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu. Mwenye haki ni mkeo. Na jirani pia, tena huyo kamuombe radhi leo leo, manake moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na mtu amelala ndo hajui kabisa. Usiwahi kunguruma gari chini ya dirisha la mtu wala ndani ya gereji iliyofungwa.

Mzee wako hakukosea, Mungu amrehemu. 504 ya kabureta ilikuwa ya kuvuta choki kwa mkono, petroli kwenye injini baridi haigeuki mvuke vizuri, so ukiondoka haraka inakohoa inakuzimia njiani watu wanakucheka. Probox ni ya injekta, kuna sensa inasoma joto la maji alafu kompyuta inaongeza petroli yenyewe, ndo maana ukiwasha asubuhi inapanda kama mizunguko 1,200 kwa dakika ama zaidi alafu inashuka pole pole mpaka 700 na kitu. Sasa hio petroli ya ziada haiungui yote, nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda, inapita kwa ringi inashuka chini kwenye oili, na harufu unayoisikia kwa kijiti ndo hio. Gari iliyosimama haina mzigo, inachelewa kupata moto, kwa hivo hio robo saa yako ndo inarefusha maradhi.

Pesa nayo: injini ndogo ikinguruma inakula nusu lita mpaka lita nzima kwa saa, ikiwa baridi inazidi hapo. Piga robo saa mara siku 30 uone kama mkeo anakusingizia.

Wewe washa, funga mkanda, ngoja nusu dakika oili ipande, ondoka. Taratibu lakini! Usikanyage, usipitishe 2,500, mpaka upite uwanja wa ndege huko hivi, hapo ishaanza kuwa moto, na gia boksi na mataya pia vinapata joto, vitu ambavyo hata ukinguruma mpaka adhuhuri havipati. Na kwani baridi gani Malindi? Hata kusi ikivuma mwezi wa saba asubuhi ni digrii 21, 22, hiyo kwa mtu wa Limuru ni mchana wa jua. Tia oili nyepesi kama 5W-30, ile W ni ya majira ya baridi na namba inayoitangulia, hiyo 5, ikiwa ndogo oili inakimbia upesi injini ikiwa baridi. Hio iliyoko sasa imwage, ishachanganyika.

Alafu nikuulize, kuna fundi aliwahi kukutolea themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto? Pwani hii ni ugonjwa, gari ikichemka kidogo tu "toa themostati hio, huku kuna joto". Ikitolewa maji yanazunguka rejeta tangu unawasha, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi inazidi kumwaga petroli. Rudisha. Kinachochemsha gari zetu mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa maji ya kisima yenye chumvi, weka kulenti, ile dawa ya maji ya rejeta.

Na kwa vile safari zako ni fupi fupi, mara moja kwa wiki mtoe mkeo mpaka Watamu na kurudi, injini ipate moto wa kweli ikaushe huo unyevu kwenye oili na kwenye sailensa. Yeye mwambie ni ajili yake.

SWALI: Fundi, sisi Lamu gari tunaziwacha Mokowe. Mashini ya boti, tu-stroku, nayo ipashwe?

JIBU: Dakika mbili tatu, mpaka itulie bila choki. Oili yake imo ndani ya petroli so hakuna kungoja ipande, lakini angalia kile kimkojo cha maji ya kupoza mashini kinatoka, kisipotoka zima hapo hapo. Na usiiwashe boti ikiwa juu mchangani, ile impela ya mpira inayosukuma maji inaungua kabla hujamaliza kujisifu kuwa imewaka mara moja.