Jibu: Nichonge slaidi ya bastola ya Glock 19 niweke redi doti, au nibaki na vyuma?

Mkuu, futa hiyo miadi ya Jumamosi na fundi. Umeuliza mengi, macho, mkoba, sijui nini, lakini mimi nimekwama pale unaposema fundi atakuchongea slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) kwa ajili ya redi doti ya bei ya kutupa, yaani kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, na vilengeo vya chuma utaacha vilevile vya kiwandani. Ndiko nilikoangukia mimi.

Niko Houston. Muuzaji wa duka moja hapa aliniambia vyuma ni vya wazee, chukua hii ya bei nafuu, kazi ni ileile. Akanielekeza kwa fundi rafiki yake. Wote wawili midomo ikawa mizito kunitajia kwamba matundu ya skurubu ya kile kioo hayafanani na ya kampuni nyingine. Ukichonga kwa RMR, kioo cha kampuni ya Trijicon, vipo vioo vya kampuni kadhaa vinavyokaa palepale. Ukichonga kwa kile changu, umefunga ndoa isiyo na talaka.

Siku kilipokufa nilikuwa renji, shabaha iko yadi 10. Nainua bastola, kioo kitupu. Nabonyeza kitufe cha kuongeza mwanga, wapi. Betri mpya, wapi. Nikasema basi nitalenga kwa vyuma: naona kitako cha kioo tu, maana vilengeo vya kiwandani ni vifupi, vimezama kule chini. Bastola ninayoitegemea usiku, na sina pa kulengea! Modeli yenyewe ilishaacha kutengenezwa. Muuzaji akaniambia nisome karatasi ya waranti. Karatasi ni ya Kichina, na Kichina changu kinaishia kwenye menyu.

Nikanunua slaidi nyingine. Afadhali sheria ya Marekani inahesabu fremu, ile sehemu ya chini yenye mpini, ndiyo silaha, slaidi unaletewa mlangoni. Jumlisha kioo, mchongo na slaidi: ningepata Glock 19 MOS, inayotoka kiwandani imeshachongwa, na chenji ya nyama choma. Chekeni tu, nimezoea.

Vyuma virefu kwanza! Vile vinavyochungulia ndani ya kioo. Vifunge, pigia risasi mpaka mkono uvizoee, ndipo ulete nukta. Ikizimika, unaendelea kulenga. Tena mwanzoni utainua bastola nukta usiione, kwa sababu kifundo cha mkono kimepinda kidogo. Kilengeo kirefu cha mbele kitakuonyesha umepotelea upande gani. Na ukitoka kwenye AC kuingia joto la huku, kioo kinashika ukungu. Chuma hakishiki.

Macho: ukiona nukta imechanuka, ipige picha kwa simu. Kwenye picha ikiwa ni duara safi, kioo hakina kosa, muone daktari wa macho.

Fundi akidai hela ya usumbufu mpe tu. Halafu andika hapa kioo chako kinatumia matundu ya aina gani, kabla hujagusa kitu.